Sentensi ya Gari Jeupe

Madaftari ya darasa la pili yalikuwa machafu kuliko yote pale shuleni, na mwalimu wao aliyapenda hivyo hivyo. Alikuwa mwanamke mfupi wa sauti ya chini, aliyefundisha watoto wadogo tangu usichana wake, na watoto walikuwa wamembandika jina la Mwalimu Tena wakidhani hajui. Mtoto akimpelekea insha na kusema amemaliza, hakuutazama hata ukurasa. Alimrudishia daftari na kumwambia: soma tena.

Vifutio alivipiga marufuku. Alisema neno likifutwa likatoweka, mwenyewe hawezi tena kujua alikuwa anafikiri nini. Kwake neno baya lilikatwa kwa mstari mmoja, na lililo bora likaandikwa juu yake. Ndiyo maana watoto waliandika wakiruka mstari: mmoja wa kuandikia, mmoja wa kujisahihishia. Rasimu ya kwanza ikiisha walikaa wawili wawili. Mmoja alisoma kwa sauti, mwenzake akamwuliza maswali matatu ambayo wote waliyajua kama jina lao: Uliona nini? Ulijuaje? Umeacha nini? Nukta, herufi kubwa na tahajia vilisubiri hadi mwisho kabisa.

Wazazi walinung'unika. Baba mmoja alikuja na daftari la mwanawe mkononi akauliza kama ni daftari au ni uwanja uliochakurwa na kuku. Mwalimu mkuu, mwanamume mrefu aliyependa kila kitu kinyooke, alikwisha kumwita ofisini kumkumbusha kwamba wakaguzi wakija huangalia usafi wa kazi. Mwalimu Tena aliitikia ndiyo mkuu, akarudi darasani akaendelea na yake.

Na kwa kweli alikuwa akiona matunda. Kulikuwa na mvulana mmoja, Redio, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Huyo alikuwa fundi wa kutia chumvi. Aliwahi kuandika kwamba bibi yake alimpiga simba kwa ufagio. Jirani yake wa dawati akamwuliza ulijuaje. Redio akasema aliota. Jirani akamwambia basi andika umeota. Redio alikuna kichwa, akakata, akaandika, akagundua kwamba ndoto yenyewe ilikuwa na mambo mengi zaidi ambayo hakuyaandika. Siku hiyo aliomba karatasi ya ziada.

Siku ya mkasa ilianza vizuri tu. Wakati wa mapumziko lilikuja gari dogo jeupe la mikate, kama lilivyokuja siku zote, likaegeshwa karibu na jiko. Dereva wake, mtu mnene mwenye mzaha, alishusha makreti akataniana na mpishi, akaondoka. Kengele ikalia, watoto wakarudi madarasani wakinuka jasho na vumbi.

Hawajatulia bado, mwalimu wa chekechea akasimama mlangoni. Alikuwa binti aliyeanza kazi mwaka ule ule, na uso wake ulikuwa umepauka.

"Mwalimu, samahani. Kitufe yuko huku?"

Kitufe alikuwa mtoto wa chekechea, mdogo, wa mviringo, na mama yake alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda ng'ambo ya barabara. Dada yake alikuwa darasa la pili. Kila mapumziko msichana huyo alitakiwa amshike mdogo wake mkono, amri ya mama, na kwa vile hakuonekana popote bila mkono huo, wenzake walimwita Dada Mtu.

Mwalimu Tena akamtafuta kwa macho. Dada Mtu alikuwa amesimama kando ya dawati lake, mkono mtupu.

Akamwuliza amemwacha wapi mdogo wake. Msichana akafungua mdomo, akaufunga, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba Kitufe alikuwa karibu na lile gari jeupe.

"Limemchukua," akasema Redio. "Mimi nimeona."

Basi ikawa kama kufungua bomba. Huyu naye kaona, yule kaona mlango ukifungwa, mwingine kasikia mtoto akilia ndani. Mwalimu Tena hakuuliza lolote. Alikimbia uani akaingia ofisi ya mwalimu mkuu bila kubisha hodi, na sentensi aliyoitoa pale ilikuwa kamili, imenyooka, haina doa.

"Watoto wameona gari jeupe likimchukua Kitufe."

Mwalimu mkuu alikuwa na simu mkononi kabla hajamaliza kuisikia. Alipiga polisi. Akampigia mama mtu. Mama mtu akatoka kwenye kibanda chake akipiga kelele kwamba gari jeupe limemchukua mwanawe, na kibanda kilikuwa kwenye kona ambako madereva wa pikipiki hukaa kungoja abiria. Hao hawakungoja polisi. Waliruka juu ya pikipiki zao, na gari lenyewe hata halikuwa limefika mbali. Lilikuwa mtaa wa pili, mbele ya duka, likishusha mikate.

Shuleni walimu walitafuta. Walitazama vyooni, wakafungua mfuniko wa tangi la maji, wakaingia jikoni wakachungulia hadi nyuma ya magunia ya mkaa. Waliita Kitufe, Kitufe, hadi sauti zikakwaruza. Stoo ya madawati mabovu iliyokuwa nyuma ya jiko walipita nayo tu, maana ilikuwa imefungwa kufuli. Mama wa usafi alikuwa ameifunga baada ya kurudisha mafagio, akaondoka na funguo zake kwenda kununua sabuni.

Mwalimu mkuu akamwagiza Mwalimu Tena arudi darasani, afunge mlango, awahoji watoto. Polisi wakija watataka maelezo, alisema. Sura ya mtu. Nguo. Gari limeelekea wapi.

Alipofika darasani, hadithi ilikuwa imekwenda mbele bila yeye. Mtu mwenye gari sasa alikuwa na miwani myeusi. Alikuwa na ndevu. Alimfunika Kitufe kwa gunia. Redio, aliyesimama juu ya kiti, alikuwa amefikia kisu, na wasichana wawili wa mbele walikuwa wanalia kwa sababu ya kisu hicho. Dada Mtu alikuwa amelaza kichwa juu ya dawati.

Mwalimu Tena alisimama mlangoni akisikiliza. Dereva wa mikate hakuwa na ndevu. Alikuwa na kidevu laini kama cha mtoto. Darasa zima lilimjua, alikuwa akiwapungia mkono kila siku, na bado watoto walikuwa wanatikisa vichwa kukubali ndevu. Hapo akamkumbuka yule simba. Simba naye angekua hivi hivi, kila aliyesikia akimwongezea manyoya, kama jirani asingeuliza.

Akapiga kofi mara moja. Walipomtazama, aliongea chini kuliko kawaida yake, hadi wakalazimika kunyamaza ili wamsikie.

"Kila mtu atoe karatasi. Aandike alichokiona mapumziko, na alikuwa wapi. Hakuna kuongea. Mnajua rasimu ya kwanza haina kosa, wala haina fimbo."

Wakaandika. Ilikuwa ajabu jinsi mazoea yanavyoweza kumshika mtoto: penseli zikaanza kukwaruza, ndimi zikatoka kwenye pembe za midomo, mstari wa kuandikia, mstari wa kuruka. Mwalimu Tena alitembea katikati ya madawati akisoma juu ya mabega yao. Karibu kila karatasi ilikuwa na sentensi ile ile, gari jeupe limemchukua Kitufe. Wengine hata walikuwa wameikosea tahajia kwa namna moja. Na alijua sentensi imetoka wapi. Nusu yake ilikuwa ya Redio, lakini yeye ndiye aliyeipeleka ofisini ikiwa imevaa vizuri.

Nje, kelele zilianza kusogea. Kwanza honi za pikipiki, nyingi kwa pamoja. Kisha filimbi ya mlinzi. Mwalimu Tena akaenda dirishani. Kupitia matundu ya waya aliona, juu ya ukuta, paa la gari jeupe likija taratibu, na vichwa vya watu vimelizunguka. Gari halikuwa linaendeshwa. Lilikuwa linasukumwa. Kisha akasikia sauti ya kioo kuvunjika.

Mlango ukafunguliwa. Mwalimu mkuu alikuwa amelowa jasho hadi kwenye tai.

"Wamemkamata. Wanataka mtoto mmoja au wawili waje kumtambua."

"Hapana, mkuu."

"Mwalimu, watu wameshapandisha hasira. Mlinzi peke yake hawawezi."

"Nikikupa mtoto sasa hivi atakwambia ndiye. Ukimwonyesha mimi, atakwambia ni mimi. Niachie nimalize."

Mwalimu mkuu akazitazama karatasi juu ya madawati, akamtazama yeye kama anayemtazama mtu aliyepungukiwa. Akasema huu si wakati wa insha. Lakini hakuingia kumshika mtoto mkono, na hakuondoka. Alibaki pale pale mlangoni, mkono kwenye kitasa.

Mwalimu Tena aligeukia darasa. Akaifumbata mikono kifuani.

"Wawili wawili," alisema. "Maswali yetu matatu. Jibu likiwa 'nimesikia', kata. Jibu likiwa 'nadhani', kata. Usiogope kukata."

Minong'ono ikajaa chumba. Huku nje mwanamume alikuwa anapiga kelele za maumivu, na ndani sauti za miaka saba na minane zilikuwa zinaulizana: ulijuaje? Redio kasema. Ulijuaje? Kila mtu kasema. Wewe ulikuwa wapi? Nilikuwa bombani. Kutoka bombani unaona jiko? Sioni. Basi kata. Mistari ikaanza kupita juu ya maneno, moja baada ya jingine. Mwalimu mkuu akiwa mlangoni aliona karatasi zikichafuka mbele ya macho yake, na safari hii hakusema kitu.

Redio alikuwa na ukurasa mzima, na jirani yake, yule yule wa simba, hakuwa na huruma. Kisu kilikatwa kwanza. Gunia likafuata. Kisha ndevu, kisha miwani. Redio alikata kila kitu akipepesa macho, na alipofika kwenye mtoto aliyelia ndani ya gari alisita kwa muda, halafu akakata na hilo. Ukurasa ulibaki na sentensi mbili: Niliona gari jeupe. Lilikuwa na mikate. Machozi yakamdondoka juu ya karatasi.

"Mwalimu, mimi sikuona," alisema. "Nilidhani nimeona."

Mwalimu Tena akamgusa bega, akapita. Alikuwa anaelekea dawati la nyuma. Dada Mtu alikuwa ameandika mistari mitatu, akaifunika kwa kiganja. Jirani yake, msichana mpole aliyeogopa hata kivuli chake, alikuwa amefikia swali la tatu na kuishia hapo. Aliliuliza mara ya kwanza, hakujibiwa. Akaliuliza tena.

Mwalimu Tena akachuchumaa hadi uso wake ukawa chini ya uso wa mtoto.

"Naomba nione."

Kiganja kikaondoka polepole. Karatasi ilisema: Nilicheza kamba. Kitufe alienda karibu na gari jeupe. Gari likaondoka. Basi. Haikusema gari limemchukua mtu. Kati ya watoto wote, ni huyu peke yake ambaye hakuiandika ile sentensi.

"Hapa hakuna uongo," Mwalimu Tena alisema. "Umeandika vizuri. Ila naona kati ya kamba na gari pana kitu. Kitufe alikwendaje kule peke yake?"

Kidevu cha mtoto kilikuwa kinacheza. Nje mtu mmoja akaita, kwa sauti iliyofika hadi ndani, kwamba petroli iletwe. Mwalimu mkuu akashtuka mlangoni. Mwalimu Tena alitamani kumshika yule mtoto mabega amtikise mpaka neno lidondoke. Hakumtikisa. Aliokota penseli iliyokuwa imeanguka chini, akamwekea mkononi.

"Kama haisemeki, iandike. Huo mstari mtupu ni wako."

Dada Mtu akainama. Aliandika kwenye ule mstari wa kujisahihishia, herufi ndogo zilizobanana, akichora na mshale kuonyesha zinaingia wapi. Nilimwambia akajifiche.

Mwalimu Tena alizisoma. Akauliza wapi. Msichana hakujua wapi, alijua tu Kitufe alikimbilia upande wa jiko, akapita nyuma ya gari. Alitaka kucheza kamba na wenzake, na kamba haichezeki ukiwa umeshika mkono wa mtu. Kwa hiyo akamwambia mdogo wake wacheze kombolela, aende akajifiche, na asitoke hata akiitwa na nani, mpaka dada aje mwenyewe kumtoa. Halafu kamba ikanoga, na kengele ikalia.

Kwa hiyo walimu walikuwa wamemwita muda wote huo mtoto aliyeambiwa asiitike.

"Stoo," akasema mwalimu mkuu kutoka mlangoni. Alikuwa amesikia yote. "Kabla ya kengele ilikuwa wazi. Na lile bati, na jua hili."

Walitoka wote watatu, wao wawili na Dada Mtu, na kwenye veranda walisimama kidogo, maana kulikuwa na njia mbili. Kushoto ni jikoni. Kulia ni getini. Mwalimu mkuu alisema wakamtoe mtoto kwanza, wamwonyeshe watu, mambo yaishe. Lakini kufuli lilikuwa bado halijavunjwa, na hakuna aliyejua kwa hakika kwamba mtoto yumo, na getini hapakuwa na muda wa kuvunja kufuli.

"Nenda naye, mkuu. Aite yeye, si wewe," alisema Mwalimu Tena. "Huku niachie mimi. Ile sentensi niliipeleka mimi."

Getini hakukuwa na nafasi ya kupenya. Mikate ilikuwa imetapakaa barabarani imekanyagwa. Alipita chini ya mikono ya watu, ufupi wake kwa mara ya kwanza ukimfaa, hadi akamfikia dereva. Alikuwa amekaa chini ameegemea gurudumu, shati limechanika, damu inamchuruzika kutoka juu ya sikio. Mlinzi alikuwa amesimama mbele yake ameinua rungu, lakini rungu lilikuwa limeanza kushuka. Kijana mmoja alikuwa na jiwe.

Mwalimu Tena alisimama kati ya jiwe na dereva. Akasema, na sauti yake ya chini haikutoka. Akasema tena.

"Hakuna mtoto aliyeona. Mimi nilisema wameona. Nilisema nisichokijua."

Wa mbele walimsikia. Mmoja akacheka kwa hasira, akauliza amepewa kiasi gani. Mwingine akamwambia apishe asije akaumia bure. Mwanamke akajipenyeza hadi mbele, futi ya kupimia ingali shingoni, pini zimechomekwa kifuani mwa blauzi. Alikuwa mama yake Kitufe. Alimshika Mwalimu Tena mabega kwa mikono miwili.

"Nilipigiwa simu nikaambiwa wamemwona akichukuliwa. Sasa unaniambia nini? Mwanangu yuko wapi?"

Alikuwa na majibu mawili. Moja lilikuwa zuri: yuko shuleni, anatolewa sasa hivi. Lingemaliza kila kitu pale pale. Lakini akajiuliza anajuaje, akaona hajui. Kama mtoto yumo au hayumo, mzima au la, hayo yote yalikuwa nyuma ya kufuli.

"Sijui, mama. Dada yake anasema alimtuma akajifiche. Wanavunja mlango wa stoo. Yumo au hayumo, sijui. Ninachojua ni kwamba huyu baba hakuna aliyemwona akimgusa."

Mama Kitufe alimtazama. Macho yake yakahamia kwa dereva, ambaye kila wiki alimpitishia nguo za wanawe azishone viraka, na ambaye sasa alikuwa amefunika kichwa kwa mikono. Ilionekana kama anajaribu kumtambua. Kisha akageuka akaukabili umati.

"Subirini," alisema.

Mwenye jiwe akasema mama, hawa watu ndivyo walivyo.

"Mtoto ni wangu, si wako. Nimesema subirini."

Wakasubiri. Hakuna aliyeondoka, hakuna aliyetupa. Kutoka ndani ya shule kulisikika chuma kikigonga chuma, mara moja, kisha tena, kisha kimya. Mwalimu Tena alibaki amesimama pale pale, amemkinga dereva kwa nguo yake. Alisikia pumzi ya dereva nyuma ya magoti yake. Kimya kilirefuka hadi mlinzi mwenyewe akaanza kutazama chini.

Mwalimu mkuu akatokea kwenye kona ya jengo. Alikuwa amembeba mtoto kifuani, tai imegeuka mgongoni, na Dada Mtu alikuwa anakimbia pembeni yake ameushika mguu wa mdogo wake. Kitufe alikuwa amelowa jasho na mkojo, kichwa kimelegea, lakini mkono wake mmoja ulikuwa umeng'ang'ania kola ya mwalimu mkuu. Mama yake hakupiga kelele. Alitembea kuelekea kwao kama mtu anayevuka maji, akampokea, akakaa naye chini palepale uani.

Mpishi ndiye aliyekuja kusimulia baadaye jinsi ilivyokuwa. Yeye ndiye aliyelivunja kufuli, kwa nondo ya kuchochea moto. Ndani ya stoo hapakuwa na sauti, joto lilikuwa la tanuri, na mwalimu mkuu aliita mara kadhaa akakaribia kukata tamaa. Ndipo Dada Mtu akaita: nimekuja. Chini ya rundo la madawati pakatikisika kitu. Kitufe alitambaa akatoka nusu, midomo imekauka, akamwambia dada yake kwamba amechelewa sana. Mpishi alipofika hapo kwenye masimulizi alilazimika kujifuta macho kwa aproni.

Umati uliyeyuka haraka kuliko ulivyokusanyika. Polisi walipofika hawakumkuta hata mwenye pikipiki mmoja wa kuhojiwa. Walimkuta dereva anaoshwa jeraha na mwalimu wa chekechea, na mlinzi anaokota mikate ambayo haikukanyagwa.

Mambo hayakurudi kama yalivyokuwa. Mama Kitufe alitaka kumchapa binti yake jioni ile ile, na Mwalimu Tena alikwenda kukaa kwenye kibanda chake hadi hasira zikapoa, akamweleza kwamba mtoto huyo ndiye pekee katika shule nzima, wakubwa na wadogo, ambaye hakuongeza neno. Dada Mtu aliendelea kumshika mdogo wake mkono, lakini mama alimpa ruhusa ya kucheza kamba siku mbili katika wiki. Siku hizo Kitufe hukaa jikoni na mpishi. Redio aliharibika kwa muda. Aliandika insha kavu kama karatasi ya dawa: niliamka, niliona mlango, nilifungua mlango. Mwalimu Tena ilibidi amweke kando amwambie simba bado anaruhusiwa, mradi juu ya ukurasa aandike kwamba hiki ni kisa cha kubuni. Mwalimu mkuu hakuwahi kuyataja tena yale madaftari, kwa kuyasifu wala kuyalaumu.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu Tena alikwenda nyumbani kwa dereva. Alikuwa amefanya mazoezi njia nzima ya kile atakachosema, akiongeza na kupunguza, na alipokaribishwa kiti alijikuta anasema sentensi moja tu: ni mimi niliyekusingizia, na nimekuja kukuomba radhi. Dereva alikuwa na nyuzi juu ya sikio na nusu ya kichwa imenyolewa. Mkewe alileta maji, akayaweka mezani, akabaki amesimama.

"Mimi nimesikia, mwalimu," dereva alisema mwishowe. "Ulikuja kusimama mbele yangu, hilo pia nililiona. Ila pale sirudi. Nikisikia honi ya pikipiki tu, mwili unakufa ganzi."

Akasema amewaomba wenye kiwanda wampe njia nyingine, wamemkubalia. Kisha akauliza mtoto alikuwa amejificha wapi hasa. Mwalimu Tena akamweleza, chini ya madawati, akingojea dada aje. Dereva alitikisa kichwa. Akasema hata wa kwake, yule mdogo, ukimwambia ajifiche anaweza kulala humo humo. Mkewe akakaa.

Mikate ya shule sasa inaletwa na kijana mwingine, mkimya. Lakini njia mpya ya dereva yule inakatiza barabara kuu, na asubuhi Mwalimu Tena akiwa anangojea kuvuka humwona akipita na gari lake, kioo kipya, mkono mmoja kwenye usukani. Mwalimu Tena humpungia. Kuna siku naye anampungia. Kuna siku anatazama mbele tu, anapita.